Karakana yangu ya mita moja na nusu

Chumba ninachofanyia useremala ndicho ninacholala. Kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, na baada ya kitanda, kabati la nguo na njia ya kupita kuchukua nafasi zao, kilichobaki ni kipande cha sakafu chini ya dirisha chenye urefu wa mita moja na nusu na upana usiofika mita moja. Katika kipande hicho nimetengeneza, kwa vifaa vya mkono na bila mashine kubwa, masanduku, vigoda, fremu za picha na rafu moja ya vitabu ninayoipenda sana. Miaka minne ya kukaa hapo imenifundisha kwamba mtu wa fleti ndogo anayetaka karakana anapaswa kuanza kwa kujiuliza ni dakika ngapi zitapita kati ya kutamani kufanya kazi na kuanza kuifanya, na orodha ya vifaa vya kununua inaweza kusubiri mpaka swali hilo lipate jibu.

Nalitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo lililonipotezea mwaka mzima. Mwanzoni niliweka vifaa vyote katika masanduku matatu ya plastiki chini ya kitanda, na meza yangu ya kazi ilikuwa ya kukunja, ikikaa nyuma ya mlango. Mpangilio huo ulionekana wa busara kwa kuwa chumba kilibaki kitupu na hakuna aliyejikwaa. Lakini jioni niliporudi kutoka kazini nikiwa na saa moja tu ya kutumia, ilinibidi nivute masanduku, nikunjue meza, nitandike turubai, nifunge jiliwa, yaani kibano cha kushikilia ubao, kwenye ukingo wa meza, kisha nitafute penseli na rula ambazo kila mara zilikuwa katika sanduku la chini kabisa. Siku moja niliitazama saa nikaona kwamba dakika 20 zimekwisha kabla sijagusa ubao, na nilijua kwamba dakika 20 nyingine zinanisubiri wakati wa kurudisha kila kitu mahali pake. Muda uliobaki katikati haukutosha hata kunoa patasi na kuchonga kiungo kimoja. Nikaanza kuahirisha kazi hadi Jumamosi, na Jumamosi ina shughuli zake, hata nilipokuja kufungua sanduku la randa baada ya wiki nyingi nilikuta madoa ya kutu yametanda kwenye chuma chake.

Niliiuza ile meza ya kukunja nikaamua kwamba kona ya dirishani itakuwa ya useremala siku zote, usiku na mchana, hata kama kwa kufanya hivyo kiti nilichokuwa nikikalia kusoma kitalazimika kuondoka. Ulikuwa uamuzi mgumu kuliko mwingine wowote, na ninaamini ndio uliofanya mengine yote yawezekane.

Kisha ikaja meza yenyewe. Ni rahisi kudhani kwamba nyumba ndogo inataka meza nyepesi, nami niliamini hivyo mpaka nilipoanza kupiga randa. Anayepiga randa husukuma kwa mwili mzima, na nguvu ile huelekea mbele, haielekei chini. Meza isiyo na uzito huteleza au huyumba, nguvu nyingi ikapotelea katika mtikisiko, na randa ikarukaruka juu ya ubao badala ya kukata. Kwa hiyo meza niliyoitengeneza ni fupi lakini nzito: ina urefu wa sentimita 110, upana wa sentimita 45, na uso wenye unene wa sentimita 7, ambao niliupata kwa kuunganisha kwa gundi mbao kadhaa nene zilizosimamishwa kwa ubavu. Kati ya miguu yake nimejenga kabati la droo nne, na kila kifaa cha chuma nilicho nacho kinalala humo, vizito zaidi vikiwa chini, ili uzito wa vifaa uwe sehemu ya uzito wa meza. Kichwa kimoja cha meza kimeegemea ukuta wa pembeni kupitia kipande cha zulia kilichokunjwa mara mbili, nami husukuma randa kuelekea upande huo, hivyo kwamba ukuta ndio unaopokea msukumo.

Kimo nacho kilinisumbua, kwa sababu kazi mbili ninazozifanya zaidi zinataka vimo viwili tofauti. Kwa kupiga randa, uso wa meza unafaa uwe usawa wa kifundo cha mkono wakati umesimama wima na mikono imening'inia, ili uzito wa kifua ukae juu ya kazi; lakini kwa kukata viungo kwa msumeno unataka ubao uwe karibu na kiwiko, la sivyo utainama kwa saa nzima na mgongo utakudai. Nilichagua kimo cha randa, kisha nikatengeneza kimeza kidogo chenye jiliwa mbele yake, kirefu kwenda juu sentimita 20, ambacho hukaa juu ya kabati la nguo na kushushwa siku za kukata viungo. Hufungwa kwenye meza kubwa kwa vibano viwili, kazi ya nusu dakika.

Leo hii, kuanzia kuvua viatu hadi kuwa na randa mkononi, situmii zaidi ya dakika mbili. Penseli na rula zimening'inia kwenye ubao wa ukutani, kila kifaa kikiwa mbele ya umbo lake lililochorwa, na hivyo pengo lolote huonekana mara moja nikiwa bado nimesimama.

Sasa niseme habari za kelele, ambazo nilizielewa vibaya kabisa kwa muda mrefu. Nilikuwa nikifunga dirisha na kuteremsha pazia zito kila nilipofanya kazi, nikiamini kwamba ninawahurumia majirani. Jioni moja mzee anayekaa ghorofa ya chini yangu alibisha hodi. Nilimwamkia, naye akaitikia kwa upole, akasema, "Mwanangu, sikuja kugomba. Njoo chini usikie mwenyewe kinachonifikia." Nilimwachia mdogo wangu patasi na nyundo ya mbao, nikamwomba apige kama anavyoniona nikipiga, kisha achukue randa, kisha msumeno, nami nikashuka na mzee hadi chumbani kwake.

Msumeno sikuusikia hata kidogo. Randa ilisikika kama mtu anayevuta kiti katika nyumba ya mbali. Lakini nyundo, ambayo kwangu juu ilikuwa na sauti ya kawaida tu, huku chini ilitua kwa mshindo mzito uliojaza dari nzima, na bilauri iliyokuwa juu ya stuli karibu na kitanda chake ililia kidogo kwa kila pigo. Nilisimama nikiitazama ile bilauri. Mzee hakusema neno. Nilimwomba radhi, nikamuuliza ni saa ngapi huwa analala, na tukakubaliana kwamba baada ya saa 2 usiku hakutakuwa na nyundo, ahadi ambayo sijaivunja tangu siku hiyo.

Jambo nililojifunza chumbani mwake ni kwamba katika jengo la ghorofa kuna sauti za namna mbili. Ipo ile inayosafiri hewani, ambayo pazia zito, rafu za vitabu na dirisha lililofungwa huipunguza kiasi. Na ipo ile inayoingia moja kwa moja katika mwili wa jengo kupitia miguu ya meza, ikasafiri ndani ya zege na kutokea upande wa pili kama ngoma. Hii ya pili ndiyo inayowatesa majirani, na hakuna pazia wala sponji ya ukutani inayoigusa, kwa kuwa haipiti huko. Dawa yake ni kuitenga meza na sakafu. Chini ya kila mguu nimeweka tabaka tatu: mpira wenye unene wa sentimita 2, kipande cha plaiwudi, kisha mpira mwingine. Hapa tena uzito wa meza unasaidia, kwa sababu kitu kizito kilichokaa juu ya kitu laini hupokea mapigo bila kuyapitisha yote chini. Lakini mpira lazima ubonyee kidogo chini ya uzito ule, maana mpira mgumu usiobonyea ni sawa na kuongeza kipande cha mti.

Hata hivyo, nafuu kubwa zaidi ilitokana na kubadili namna ya kufanya kazi. Zamani nilichimba matundu ya viungo kwa kupiga patasi kwa nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku hizi ninatoboa mfululizo wa matundu ya duara kwa kekee ya mkono, kisha ninanyoosha kingo kwa patasi inayosukumwa na bega, bila pigo hata moja. Kati ya meno ya pembe za sanduku, mahali ambapo mbao za ziada zilikuwa zikitolewa kwa nyundo, ninapitisha msumeno wenye uzi mwembamba wa chuma, nikikata karibu na mstari na kumalizia kwa patasi. Msumeno wangu mkuu ni wa namna ya Kijapani, unaokata unapovutwa badala ya kusukumwa. Kwa kuwa kuvuta huunyoosha ubapa wake, ubapa huo unaweza kuwa mwembamba sana, na njia unayoifungua ndani ya ubao huwa nyembamba vilevile, kwa nguvu ndogo, unga kidogo na sauti kidogo.

Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa vifaa butu. Patasi isiyo na makali haili mti kwa kusukumwa, nawe utarudi kwenye nyundo bila kupenda. Kwa hiyo vinoo vyangu viwili vya maji, kimoja cha namba 1000 na kingine cha namba 6000 kilicho laini zaidi, vimewekwa katika droo ya juu kabisa pamoja na chupa ndogo ya maji na kitambaa, na sihesabu kunoa kuwa maandalizi ya kazi, kwa maana kwangu ni kazi yenyewe. Ninashika pembe ya nyuzi 30 hivi, ninasugua kwenye kinoo cha kwanza mpaka kidole kihisi kijikunjo chembamba cha chuma upande wa pili, kisha ninahamia cha pili mpaka ukingo uakisi mwanga wa taa. Patasi ikifika hapo, hukata nyuzi za mti kwenye kichwa cha ubao laini bila kuzibomoa, na uso unaobaki hung'aa kama uliopakwa nta. Yeyote anayepanga karakana ya chumbani na ana fedha za kitu kimoja tu kizuri, ningemsihi anunue vinoo kabla ya kufikiria mashine yoyote.

Vumbi lilinichukua muda zaidi kulielewa. Nilidhani takataka za mbao ni kitu kimoja cha kufagiliwa, kumbe maranda na vumbi havifanani hata kidogo. Randa hutoa maranda, vile vipande vyembamba vinavyojikunja, ambavyo huanguka miguuni na kutulia hapo mpaka uvikusanye kwa viganja. Msasa hutoa unga ambao chembe zake ndogo kabisa hubaki zikielea hewani muda mrefu baada ya kazi kwisha, na katika chumba cha kulala maana yake ni kuzivuta usingizini. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hususan saratani za ndani ya pua. Onyo hilo linawahusu zaidi wanaofanya kazi katika vumbi jingi kwa miaka mingi, lakini mtu anayelala mahali anapokwangua mbao ana sababu ya kulichukulia kwa uzito.

Kwa hiyo uso wa mwisho wa kazi zangu ninautafuta kwa randa iliyonolewa vizuri, na pale ambapo nyuzi za ubao zinageuka na randa inaweza kuzing'oa, ninatumia bamba la kukwangulia. Bamba hili ni kipande cha chuma chembamba cha ukubwa wa kiganja, ambacho ukingo wake umekunjwa kwa kusuguliwa na chuma kigumu zaidi. Ukilipinda kidogo kwa vidole gumba na kulisukuma, hutoa maranda membamba kuliko karatasi. Panapobaki haja ya msasa, ninavaa barakoa ya kuzuia vumbi na kuifanya kazi hiyo nje ya jengo. Baada ya kazi ninapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kwa maana ufagio mkavu hulirudisha hewani vumbi lote lililokuwa limetua. Zile mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi, ambazo nyingi gundi yake ina fomaldehaidi, kemikali yenye madhara kwa afya, sizikati chumbani kabisa. Nikizihitaji, ninampa muuzaji vipimo azikate hukohuko kwake.

Katika kumalizia kazi kuna hatari moja ambayo natamani kila mkaazi wa ghorofa anayejifunza useremala aifahamu kabla ya kufungua kopo lake la kwanza. Mafuta ya kitani, ambayo hupendwa na maseremala wengi, hayakauki kama maji yanavyokauka. Huungana na oksijeni ya hewani, na katika kuungana huko hutoa joto. Yakiwa yamepakwa kwenye ubao, joto hilo hutawanyika bila madhara. Yakiwa ndani ya tambara lililokunjwa na kutupwa kwenye ndoo ya takataka, joto hukosa pa kutokea, huzidi kuongezeka, na saa kadhaa baadaye tambara huweza kuwaka lenyewe pasipo kiberiti wala cheche. Tarehe 23 Februari 1991, moto ulizuka katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, kutokana na matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa baada ya kazi ya kusafisha mbao. Wazima moto watatu walipoteza maisha. Moto ulipanda ghorofa hadi ghorofa, na uliposimamishwa, ilikuwa ni kwa sababu ulifika ghorofa ya 30, iliyokuwa na vinyunyizio vya maji darini.

Tangu nilipoisoma habari hiyo, ninatumia tambara moja dogo kwa kila kazi ya mafuta, na mara tu nikimaliza ninalitumbukiza katika kopo la chuma lenye maji na mfuniko, kabla hata ya kunawa mikono. Kazi nyingi ndogo nimezihamishia kwenye shelaki, utomvu utokanao na mdudu ambao huyeyushwa katika spiriti. Hukauka upesi, na harufu yake hutoka dirishani jioni ileile, ingawa spiriti nayo hushika moto kwa urahisi na haifai kufunguliwa karibu na mwali wowote. Juu ya shelaki ninapaka nta kidogo.

Kuhusu umeme sina mengi, kwa kuwa kifaa changu pekee kinachoutumia ni taa. Niseme tu kwamba anayetumia waya wa kuongezea umeme kwa mashine nzito aufungue wote kutoka kwenye kibiringo chake, kwa sababu waya uliozungushwa hushika joto. Taa yangu ina mkono unaopinda, na ninapokagua uso wa ubao huishusha mpaka mwanga ulale sambamba na mbao, ndipo kila mkwaruzo na kila alama ya randa inapoonyesha kivuli chake. Taa ya darini huificha kasoro hiyohiyo mpaka siku utakayopaka mafuta.

Mbao ninazileta zikiwa zimekatwa tayari vipande visivyozidi mita moja, ambavyo hupita ngazini bila kugonga milango ya watu, na huzisimamisha ukutani kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuzigusa, ili zizoee hewa ya chumba. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na ule uliochongwa siku ileile ulipotoka ghalani unaweza kujipinda usiku mmoja na kuharibu kiungo kilichokaa sawasawa jana yake. Unyevu huohuo ndio ulioleta kutu katika masanduku yangu ya zamani. Sasa kila chuma kinapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine kabla ya kurudi katika droo.

Bado yapo nisiyoyaweza. Uso wa meza ya kulia chakula hauwezi kutengenezwa hapa, kwa kuwa ubao unaozidi urefu wa meza yangu haupati pa kuegemea ninapoupiga randa, na vibano virefu vya kuunganishia mbao pana havina mahali pa kulala. Nimeyakubali hayo, nami ninachagua kazi zinazoweza kuzungushwa juu ya meza bila kugonga dirisha. Kwa sasa ninatengeneza kigoda cha miguu minne. Miguu miwili na upau wake imeunganishwa kwa gundi leo jioni, na imesimama nyuma ya mlango ikiwa imefungwa kwa vibano vinne. Gundi ninayotumia hushika ndani ya saa moja, lakini mimi huipa saa 24 kabla ya kuitegemea, hivyo jozi ya pili itaanza kesho, na tundu zake zitatobolewa kwa kekee.